Kumbukumbu Tamu, Viti Vitupu: Uchambuzi wa Kisa cha Sinema ya Kumbi Nane

Nilikuwa mmoja wa watu watatu tuliopewa kazi ya kukusanya kumbukumbu na maoni ya watazamaji wa jumba moja la sinema lililokuwa linazeeka. Jina la jumba, mji, kampuni na watu vimeondolewa, na vitu vichache ambavyo vingelitambulisha nimevibadilisha. Makosa sikuyabadilisha. Mengine ni yangu mwenyewe.

Usuli

Jumba lina kumbi nane. Lilijengwa pembezoni mwa mji mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubavuni mwa kituo cha maduka chenye uwanja mpana wa kuegesha magari. Majengo ya aina hii yana ukoo wake. Mwaka 1963 Stanley Durwood alifungua kumbi mbili chini ya paa moja katika kituo cha maduka huko Kansas City, Marekani. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: mlango mmoja, kaunta moja ya bisi, wafanyakazi walewale, filamu mbili. Mwaka 1985 Uingereza ikapata The Point, kumbi 10, huko Milton Keynes. Kisha mwaka 1995 kampuni ya AMC ikafungua Grand 24 mjini Dallas, kumbi 24 zenye viti vilivyopangwa kwa ngazi, kila safu ikiwa juu kabisa ya vichwa vya safu iliyo mbele yake.

Mwaka huo wa 1995 ndio uliolizeesha jumba letu likiwa bado bichi. Sakafu zake ni za mteremko mdogo, kama zilivyokuwa zote kabla ya hapo, na ukikaa nyuma ya mtu mrefu utaitazama filamu ukiwa umeinamisha shingo upande. Mteremko haubadiliki kuwa ngazi bila kubomoa. Kilichotokea Marekani ni mfano wa gharama ya jambo hilo: mwaka 2000 na 2001 kampuni kadhaa kubwa za sinema, zikiwemo United Artists, Loews Cineplex na Regal, ziliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Sehemu ya sababu ni kwamba zilijenga majumba mapya ya ngazi huku bado zimefungwa na mikataba ya pango ya yale ya mteremko. The Point nayo ilifungwa mwaka 2015, ikiwa inakaribia miaka 30.

Badiliko la pili lilikuwa la mitambo. Filamu ya saa mbili kwenye mkanda wa milimita 35 ni zaidi ya kilomita 3 za mkanda, na katika jumba la kumbi nyingi mkanda huo wote uliunganishwa na kulazwa juu ya sahani kubwa, fundi mmoja akizunguka kutoka projekta hadi projekta. Viwango vya projekta za dijitali vilipotolewa mwaka 2005, na majumba yakaanza kuhama miaka iliyofuata, fundi huyo akaonekana hana kazi. Jumba letu lilimwachisha kazi. Kutoka hapo filamu zilianzishwa na ratiba ya kompyuta, na chumba cha projekta kikawa mahali ambapo mtu hupanda tu kitu kikiharibika. Shikeni hilo, kwa sababu nusu ya kisa hiki imejificha chumbani humo.

Tulipoitwa, mkataba wa pango ulikuwa umebakiza miaka miwili, na umbali mfupi kwa gari palikuwa na jumba jipya la ngazi na viti vya kulalia. Meneja alitaka kujua jambo moja: je, watu wa hapa bado wanalitaka jumba hili?

Tulivyouliza

Tuliweka sanduku na kadi kwenye ukumbi wa mapokezi, karibu na mlango wa kutokea. Kadi ilikuwa na maswali mawili. La kwanza: unakumbuka nini kuhusu jumba hili? La pili: ungependa tubadilishe nini? Swali la kwanza lilipewa mistari mingi. La pili, mistari miwili.

Mpangilio huo niliupendekeza mimi. Nilidhani mtu akianza kwa kukumbuka atafunguka, na kweli walifunguka. Kadi zilijaa hadi pembeni.

Waliyoyakumbuka

Nilitarajia kusoma juu ya filamu. Ni wachache mno waliotaja filamu yoyote. Walikumbuka zulia la korido lenye nyota za rangi ya chungwa, na jinsi watoto walivyolitumia kucheza kurukaruka kutoka nyota hadi nyota wakati wazazi wako kwenye foleni. Walikumbuka kusubiri kuchukuliwa na mzazi kwenye ukingo wa maegesho, usiku, wakibishana kuhusu mwisho wa hadithi. Mwanamke mmoja aliandika kwamba alikatisha tiketi mlangoni akiwa na miaka kumi na saba na kwamba mume wake alikuwa mteja aliyepoteza tiketi. Wanaume wawili, kwenye kadi mbili tofauti na kwa mwandiko tofauti, walikiri kosa moja: kulipia ukumbi wa tatu, kisha kuvizia korido ikiwa tupu na kuingia wa sita. Mmoja aliongeza kwamba filamu ya pili hakuielewa kwa sababu aliingia katikati, lakini hajawahi kufurahi vile tena.

Kilichonishangaza zaidi ni hiki. Sehemu kubwa ya kumbukumbu tamu zilikuwa kumbukumbu za ubovu. Ukuta kati ya ukumbi wa nne na wa tano ni mwembamba, kwa hiyo mtu aliyekuwa akitazama mapenzi ya taratibu alisikia mizinga ya jirani. Watu waliliandika hilo kwa kicheko. Waliandika juu ya siku mkanda ulipokatika, taa zikawashwa, na watu mia wasiojuana wakaanza kupiga soga mpaka fundi alipomaliza kuunganisha. Waliandika juu ya kiti fulani cha safu ya nyuma kilichokuwa kikilia kama mlango wa zamani.

Tulipomsomea meneja kadi hizo alicheka hadi akatoa machozi. Alikuwa amefanya kazi pale tangu ujana wake, na nadhani kila kadi ilikuwa ikimzungumzia yeye.

Uamuzi wa kwanza, na sababu zake

Sababu za uamuzi wa kwanza zilikuwa nzuri, na nazieleza kwa haki. Kadi zilisema kwa sauti moja kwamba watu wanalipenda jumba. Fedha zilikuwa chache. Kubomoa sakafu haikuwezekana kwa mkataba wa miaka miwili. Kwa hiyo ikaamuliwa kuuza kile ambacho jumba jipya halina, yaani umri. Zulia la nyota lilishonwa upya kwa mchoro uleule. Taa za rangi za mlangoni, zilizokuwa zimekufa miaka mingi, zikawashwa. Mabango ya miaka ya mwanzo yakatolewa stoo na kuwekwa kwenye fremu. Mara moja kwa mwezi ukapangwa usiku wa kumbukumbu, filamu za zamani katika ukumbi mkubwa.

Usiku wa kwanza ulijaa. Watu walipiga picha juu ya zulia. Mwanamke wa tiketi alikuja na mume wake. Wa pili ulipungua kidogo. Kufikia wa nne, waliokuja walitosha safu mbili, na siku za kawaida hazikuongezeka hata kidogo.

Aliyekuja kukumbuka alikumbuka, akashukuru, akaenda nyumbani. Haja yake iliisha siku hiyohiyo. Kumbukumbu haikuwa na sababu ya kumrudisha Alhamisi ijayo, kwa filamu mpya asiyoijua, katika kiti kilekile kinacholia. Ule ukuta mwembamba uliochekesha kwenye kadi ulikuwa unachekesha kwa sababu umepita. Mtu yuleyule aliyeuandika kwa mapenzi, akikaa leo katika ukumbi wa nne na kusikia mizinga, hatacheka. Ataondoka na hatarudi.

Kadi zilizokuwa zimewekwa kando

Kuna kadi tulizozitenga mapema kwenye bahasha tuliyoiandika "filamu zenyewe". Zilikuwa za watu waliosema filamu za siku hizi ni za giza, waigizaji wanang'ung'unika, maneno hayasikiki. Tulisema hayo ni mambo ya watengenezaji filamu, si yetu. Tena walioandika wengi walikuwa wazee, na kati yetu ilishaanza minong'ono kwamba ni macho na masikio ya uzee. Naona aibu kuandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mwenzetu mmoja ndiye aliyeifungua tena ile bahasha. Kwa kuwa mistari miwili haikuwatosha, baadhi ya watu walikuwa wameandika nyuma ya tiketi zao na kuzibana kwenye kadi. Tiketi ina namba ya ukumbi na saa. Alizipanga mezani kwa namba, na malalamiko ya giza karibu yote yakaangukia ukumbi wa pili na wa tano. Macho ya wazee hayachagui ukumbi.

Akaitwa fundi wa nje akiwa na kipima mwanga. Kiwango cha sinema ya dijitali kwa filamu ya kawaida ni kandela 48 kwa kila mita ya mraba katikati ya skrini. Kumbi hizo mbili hazikufika nusu yake. Sababu zilikuwa tatu, na zilikuwa zimepandana. Taa za zenoni za projekta zilikuwa zimepitisha mno saa zake za kazi. Taa ya namna hii huzeeka polepole, inafifia wiki hadi wiki bila mtu anayepita hapo kila siku kuona tofauti. Pili, kifaa cha filamu za 3D kilikuwa kimeachwa mbele ya lenzi hata filamu ya kawaida ilipoonyeshwa, na kifaa hicho hula sehemu kubwa ya mwanga. Tatu, kwa ajili ya hiyohiyo 3D, skrini zilikuwa zimebadilishwa kuwa za rangi ya fedha, ambazo hung'aa kwa aliyekaa katikati na kumnyima aliyekaa pembeni. Kadi moja ilisema, kwa maneno yake, kwamba filamu inaonekana kama inatazamwa kupitia chai. Tulikuwa tumeichukulia kuwa mzaha.

Sauti ilikuwa na kisa chake. Kitufe cha sauti cha sinema kina namba, na 7 ndiyo namba ambayo filamu hurekebishiwa wakati inachanganywa studio. Chetu kilikutwa kwenye 4.5 katika kumbi zote. Si hujuma. Matangazo na vionjo vya filamu zijazo hutengenezwa kwa kelele, watu hulalamika, kijana wa zamu hupanda na kupunguza, kisha filamu yenyewe inaanza na hakuna anayepanda tena kurudisha. Ukipunguza hivyo mlipuko bado unasikika. Kinachopotea ni mazungumzo. Basi mteja aliyelalamikia kelele na mteja aliyelalamikia kutosikia walikuwa wanalalamikia kitufe kimoja, na kwa kumtii wa kwanza tulikuwa tumemtesa wa pili.

Yule fundi wa zamani, wa enzi za mkanda, angeyaona yote haya kabla ya filamu kufika dakika ya kumi. Ndiyo iliyokuwa kazi yake, ingawa karatasi za kumwachisha kazi zilisema kazi yake ni kuunganisha mikanda.

Waliokuwa hawapo

Sanduku letu lilikaa mlangoni, kwa hiyo liliwasikia waliokuja. Wahenga husema akufukuzaye hakwambii toka, na anayekuacha naye hapiti mapokezi kujaza kadi. Tulitoka. Tulisimama kwenye kituo cha maduka, maktaba na kituo cha basi, tukawauliza watu waliowahi kuwa wateja mara ya mwisho walikwenda lini na kwa nini haikufuata nyingine.

Majibu hayakufanana na ya kadi. Hawakutaja skrini wala zulia. Walitaja maegesho yenye taa zilizokufa, hasa wanawake. Walitaja vyoo. Walitaja watu wanaowasha simu ndani ya ukumbi bila mfanyakazi yeyote kuonekana. Na kijana mmoja wa kituo cha basi akasema jambo ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelifikiria: onyesho la mwisho linaisha dakika chache baada ya basi la mwisho. Ratiba ya mabasi ilikuwa imebadilishwa. Yetu haikubadilishwa.

Uamuzi wa pili

Safari hii mabishano yalikuwa makali, kwa sababu uamuzi ulimaanisha kufunga kitu. Kumbi mbili za nyuma, zilizokuwa ndogo na zisizojaa, zilifungwa, na projekta zake zikawa vipuri vya nyingine sita. Meneja alipinga. Hoja yake ilikuwa na uzito: msambazaji wa filamu kubwa hutaka filamu yake ibaki ukumbini kwa wiki kadhaa, na ukiwa na kumbi chache unajikuta huna nafasi ya filamu ndogo ambazo wateja wako wa mchana wanazipenda. Tena wiki za mwanzo sehemu kubwa ya pesa ya tiketi huenda kwa msambazaji. Jumba huishi kwa kaunta ya bisi na soda, na kaunta inahitaji miguu mingi mlangoni. Upande wa pili ulisema kumbi nane zilizofifia zinafukuza miguu hiyohiyo. Upande wa pili ukashinda, kwa hoja na kwa kukosa pesa ya taa nane.

Filamu za 3D ziliachiwa ukumbi mmoja tu. Skrini mbili za fedha zikabadilishwa. Kitufe kikarudishwa 7, na sauti ya matangazo ikashushwa peke yake kwenye mtambo unaoyarusha, jambo lililochukua mchana mmoja. Mfanyakazi mmoja kila zamu akapewa kazi ya kuingia kila ukumbi dakika za mwanzo za filamu, kusimama, kutazama, kusikiliza, na kubaki kidogo aonekane na wenye simu. Taa za maegesho zilimhusu mwenye jengo. Barua tatu hazikufua dafu, ya nne iliyoambatanishwa na majibu ya wanawake ikafua. Onyesho la mwisho likasogezwa mapema, liishe kabla ya basi la mwisho.

Matokeo

Ndani ya miezi michache wateja wa mchana wa katikati ya wiki, wengi wao wale wazee wa bahasha, walirudi na wakaendelea kurudi. Malalamiko ya giza yalikoma kabisa. Ya sauti yalipungua, ila yalibaki ya aina mpya: kuna wanaoona 7 ni kelele, na nadhani hawakosei, kwa sababu filamu nyingine zimechanganywa kwa fujo.

Vijana wa Jumamosi usiku hawakurudi. Wako kwenye viti vya ngazi na vya kulalia, na sioni kadi itakayowatoa huko. Mkataba uliongezwa, kwa kumbi sita, kwa muda mfupi kuliko alioutaka mwenye jengo.

Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kuweka kumbukumbu na maoni kwenye kadi moja, tena kumbukumbu zikitangulia. Mtu aliyetoka kuandika kuhusu mchumba wake wa kwanza hawezi, mstari unaofuata, kulalamikia choo. Anaona haya. Tungetenganisha: kumbukumbu siku moja, kwa simulizi, na maoni siku ya kutazama filamu, mtu akitoka ukumbini macho yakiwa bado yanajikaza.

Kumbukumbu hata hivyo hazikuwa bure, ingawa tulizitumia vibaya. Ukizisoma tena, karibu zote zinatokea nje ya ukumbi: korido, foleni, maegesho. Jumba jipya lina korido ya kupita tu, huna pa kusimama baada ya filamu. Jumba letu lina ukumbi mpana wa mapokezi ambao tuliupamba kwa mabango na hatukuweka hata benchi moja. Watu walikuwa wametuambia wanapenda kubaki kidogo baada ya filamu, sisi tukasikia wanapenda zulia. Benchi ziliwekwa mwishoni kabisa, baada ya mtoto wa mfanyakazi kuuliza bibi yake akae wapi, na ndizo zinazojaa kila mchana.

Kilichofaa zaidi kilitokea kwa bahati. Hatukuuliza namba ya ukumbi. Tiketi ndizo zilizotuokoa. Mtazamaji anajua kwamba anaumwa, hajui ugonjwa, na atautaja kwa jina lolote analolijua: filamu za kisasa, waigizaji wa kisasa, umri wake mwenyewe. Kazi ya kuunganisha maneno hayo na mahali na saa ni ya anayeuliza. Kadi ya sasa inaanza na namba ya ukumbi, saa, na kiti.

Kuhusu kufunga kumbi mbili, bado sijashawishika. Filamu ndogo mbili ambazo wateja wa mchana waliziulizia zilipita bila kuonyeshwa kwa sababu nafasi ilikuwa imeshikwa na filamu kubwa, kama meneja alivyosema. Angeweza kutukumbusha. Hakutukumbusha.

Mfanyakazi wa dakika za mwanzo bado anazunguka, lakini macho huzoea. Taa hufifia polepole kuliko macho yanavyoweza kugundua, na hiyo ndiyo shida tuliyoanza nayo. Kipima mwanga kilikuwa cha kuazima kwa yule fundi wa nje, naye alishakichukua.